Mrejesho: gari la kabureta lililokuwa likizimika sailensa

Niliuliza kwa nini gari langu la zamani lilizimika sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) kila injini ilipopata moto, huku ukaguzi wa ubora wa gari ukikaribia. Nawashukuru kwa dhati mlionisihi nianze na mfumo wa cheche kabla ya kugusa skrubu yoyote ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), kwa sababu pointi za distributa (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itokee) zilikuwa zimeungua na kondensa (kifaa kidogo kinachozuia pointi zisiungue) imechoka, hivyo cheche ilikuwa dhaifu na petroli ikatoka bila kuungua, dalili inayofanana sana na ya kabureta inayomwaga mafuta mengi. Nilibadilisha vyote viwili, nikapima nafasi ya pointi na baadaye taimingi (wakati hasa cheche inapotoka), kwani nafasi hiyo ikibadilika taimingi nayo husogea. Jeti ya sailensa (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli ya sailensa) ilihitaji kusafishwa tu. Gari limepita ukaguzi, pamoja na kipimo cha moshi.