Kutoka Lushi (Lubumbashi) peke yangu na sakado: Tazara, Livingstone ao Lobito?

Binti_Kamalondo
Jambo yenu bote. Swali yangu ni murefu kidogo, munivumilie. Nimetumika miaka tano ku depo moja ya simenti, mwisho wa mwezi wa kenda naachana nabo, na niko na dola 1,400 zenye niliweka pembeni kidogo kidogo. Mbele ya kutafuta kazi ingine nataka nitembee miezi mitatu, peke yangu, sakado ku mugongo, bila ndege, bisi na treni tu. Mama anasema niko na wazimu. Nilimwambia "mama, Mungu akisaidia nitafika ata Kenya", akaniangalia akasema "Kenya njo safari gani, si unapanda taksibisi hapa ku barabara", kumbe alifikiri komini yetu ya Kenya, nilicheka mpaka nikashindwa kumuelezea.

Ku karte naona njia tatu. Ya kwanza nashuka Kasumbalesa, Kitwe, Kapiri Mposhi, pale napanda treni ya Tazara mpaka Dar, kisha Zanzibar, Tanga, Mombasa, Nairobi. Ya pili naendelea chini tu, Lusaka, Livingstone, naona maporomoko ya maji ya Mosi-oa-Tunya, napita daraja ya Kazungula naingia Botswana, Namibia, mpaka Cape Town. Ya tatu ni ya marehemu baba, alitumikaka ku reli na kila siku alikuwa anaongea tu Lobito, Lobito: Kolwezi, Dilolo, Luau, kisha reli ya Benguela mu Angola mpaka ku bahari.

Paspore iko. Kingereza yangu inatosha kuomba maji na kuuliza choo, Kireno sijue ata neno moja. Mwenye alisha kupita huko aniambie, gani ya kushika?

Vye_Katuba
Mwanangu, miye roho yangu iko Livingstone. Niliendaka 2019, mwezi wa ine, maji inaanguka metre 108, upana metre 1,708, ile mvuke inapanda inarudi kukunyeshea kama mvua, nililowana mpaka ndani, simu ilikufa pale pale, sina ata foto moja ya kuonyesha bantu. Lakini weye unatoka mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja upande wa Zambia maji inakauka karibu yote, utalipa unaangalia mawe. Upande wa Zimbabwe njo inabakiaka kidogo.

Kisha hiyo Cape Town. Mukongomani haingie Afrika ya Kusini bila viza, na kwa viza batakuomba hesabu ya banki ya miezi tatu na barua ya kazi. Weye njo unaacha kazi! Utabaonyesha nini, mufuko ya simenti? Kama unataka ile njia, omba viza ungali na kazi, kama si vile uishie Livingstone urudi.

Mwalimu_Kolwezi
Juu ya Lobito niseme kidogo, sababu bantu bamingi sasa banasikia "koridoo ya Lobito" ku redio banafikiri ni treni ya kupanda na mukate yako ku mukono. Ile kelele yote ni ya kobalti na shaba, bantu hapana. Reli yenyewe ni ya zamani, Robert Williams alipewa ruhusa na Baportuge 1902, kazi ikaanza 1903, ikafika kuunganika na reli yetu ya Katanga 1931. Kutoka Lobito mpaka Luau ku mupaka ni kilometre 1,344.

Shida ni upande wetu. Kolwezi mpaka Dilolo mu mwezi wa kumi mvua inaanza, barabara inakuwa mukate wa kulowana, lori inazama na weye unalala mu kijiji siku mbili bila kupanga. Ukivuka, eneo la Moxico bado iko na mabomu ya chini ya udongo yenye vita iliachaka, ile vita iliisha 2002 lakini mabomu haikuambiwa. Ukitaka kwenda pori kwa haja ndogo, bakia ku barabara, haya utaiweka pembeni. Na bila Kireno, peke yako... mimi ningengojea mwezi wa tano, kianga, na nitafute mwenzangu. Baba yako hatakasirika.

Dereva_Tunduma
Habari zenu wakuu. Mimi Mtanzania, nabeba mzigo Dar–Lubumbashi mwaka wa tisa sasa, Kiswahili chenu nakielewa ila mkianza na "njo" na "benye" inabidi nipunguze mwendo.

Dada, shika njia ya Dar, hapo huna mjadala, lugha inakubeba. Ila nenda kwa basi. Tazara naipenda, ni historia yetu, imejengwa na Wachina pamoja na watu wetu 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860, lakini ratiba yake usiifanye msahafu. Wanakwambia siku mbili, unaweza ukalala siku tatu humo ndani, na kuna vipindi treni ya abiria inasimamishwa kabisa. Usitoke nyumbani kabla hujapata uhakika kutoka kituoni kwamba ipo na inaondoka lini. Basi je? Unateremka Nakonde, unavuka kwa miguu, uko Tunduma, unalala Mbeya, kesho yake Dar. Na pale Kasumbalesa ukikuta malori yamepanga foleni kilomita na kilomita usiogope, foleni ni yetu sisi madereva, mtu wa miguu anapita.

Sakado_40L
Baba Dereva, heshima yako, lakini weye ni mwanaume na uko na lori ya kulala. Bisi inakuangusha Nakonde saa tisa ya usiku, giza, bantu kumi banavuta sakado yako kila mumoja upande wake, sasa mwanamuke peke yake afanye nini?

Mudogo yangu, miye nilipanda Tazara peke yangu na ningeipanda tena kesho. Klasi ya kwanza vitanda ine mu chumba, ya pili vitanda sita, na banaume na banawake banatenganishwa, mwanaume hakulalie kitanda ya juu. Nilikuwa na mama mumoja wa Kasama na binti yake na bibi moja wa Mbeya mwenye alikuja na kuku mu kikapo, ile kuku ilifungwa miguu na kitambaa nyekundu na kila treni ikisimama inafikiri tumefika inaanza kupiga kelele. Mufungo wa mulango ulikuwa umekufa. Yule bibi akachukua kijiko yake ya bukari akaipitisha pale ku mufungo, akasema "sasa aje mwizi", tukalala muzuri sana.

Ku mupaka hautoke, baofisa banapanda ndani banakugongea mulango, na bachanji ba feza banapanda nyuma yabo. Pale pale saa inaruka, siye na Zambia saa ni moja, Tanzania iko mbele saa moja. Kisha Makambako mpaka Mlimba ni matunele na madaraja, usilale, na mbele ya kufika Dar treni inakata pori ya Nyerere, twiga nilizionea mu dirisha nikiwa na chai ku mukono.

Kintu kyenye kilinishinda ni saa. Siye Lushi tunahesabuka saa kwa Kifaransa. Mu kurudi nilishuka Mbeya siku ine, nikanunua tiketi ya bisi, kijana akaniambia saa kumi na mbili. Nilikula, nikaoga, nikafika midi, katikati ya muchana, na sakado yangu. Bisi ilitokaka na mapema, saa kumi na mbili ya kule ni saa sita yetu ya asubuhi. Kijana alinionea huruma lakini tiketi nililipa ingine.

Mama_Ibanda
Mudada, miye niko Bukavu, nasema moja tu: usipange kurudi nyumbani kwa kupitia Kivu. Tangu mwanzo wa 2025 Goma na Bukavu biko mu mikono ya baasi ba M23, njia ya kutoka Nairobi kushuka huku usiiweke mu hesabu yako. Rudi kwenye ulipitia. Kwa Kenya (inchi, mwambie mama) tangu Septemba 2023 paspore ya Kongo haiombwe viza tena, hiyo ni feza inabakia mu mufuko.

Binti_Kamalondo
Aksanti yenu bote, nimesoma mara tatu. Baba Vye, ile ya mufuko ya simenti imeniumiza lakini ni kweli. Sasa kwa feza: nibebe dola zote, ao niache zingine ku simu? Na karte jone ya sindano, ya zamani ya 2017, ingali inafanya, ao nidungwe tena?

Vye_Katuba
Karte yako ni nzuri, tangu 2016 sindano ya homa ya manjano ni ya maisha yote, usikubali mutu akuambie imekufa juu ya miaka kumi. Mwenye hajadungwa njo afanye mbio, sababu inahesabiwa kisha siku kumi. Na ku mupaka moja, sitaje, kijana mumoja mwenye shati safi alinichukulia paspore "anisaidie" kugonga muhuri, nikazunguka saa mbili namutafuta, aliirudisha akaomba dola 20. Paspore haitoke mu mukono yako mpaka mbele ya mwenye kuvaa inifomu nyuma ya dirisha.

Dereva_Tunduma
Dola beba, noti mpya, zisizo na mchubuko. Lakini Tanzania tangu 2025 ni marufuku kulipana dukani kwa dola, siyo kama kwenu Lubumbashi mtu ananunua mkate na dola, huku unabadilisha benki au duka la fedha unalipa shilingi. Na nguo zako usifunge kwenye mifuko ya plastiki ya sokoni, imepigwa marufuku tangu Juni 2019, wataimwaga mpakani. Zanzibar nayo tangu Oktoba 2024 mgeni anadaiwa bima ya dola 44, iweke pembeni mapema.

Sakado_40L
Feza gawanya mara tatu. Miye nilishona mufuko ndani ya kikwembe, ile ya kufunga ku kiuno, hakuna mwanaume atakupekua pale. Na sakado isipite litre 40. Ya 65 utaijaza, ni lazima utaijaza, kisha utalia ku ngazi za treni.

Binti_Kamalondo
Basi ni Dar. Siku ya kwanza ya juma nitapita ku konsulat ya Tanzania hapa Lushi niulize mapapie, na nitatafuta namba ya stasyo ya Kapiri kabla sijalipa ata franka. Nikikuta treni imesimamishwa, baba Dereva, nitapanda bisi ya muchana, ya usiku apana. Lobito nitaenda kianga, Mwalimu ujitayarishe, utanifundisha Kireno.

Mama amekubali tangu jana jioni, nilimuonyesha ile ya bibi na kijiko. Sasa anauliza kama mu Tazara banaruhusu kilo tano ya bunga ya muhogo, juu anaogopa Dar nitakosa bukari.

Dereva_Tunduma
Ugali upo Dar dada, mpaka utauchoka. Mwambie mama aweke kapenta, wale dagaa wenu.