MREJESHO: Mama aliyetumbukia kwenye mtaro wa halmashauri

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama tunaweza kuishtaki halmashauri kwa uzembe, baada ya mama kuvunjika nyonga kwenye mtaro waliouchimba wakauacha wazi, bila hata utepe.

Aliyeniambia nishikilie walichokifanya, si walichoacha kufanya, Mungu ambariki. Kumbe Uingereza, kesi ya Stovin dhidi ya Wise (1996), halmashauri ilijua hatari ya barabarani, haikuiondoa, na bado ikashinda, kwa sababu kosa lake lilikuwa kuacha kufanya tu. Hawa wetu walichimba wenyewe, hatari waliileta wao.

Nikawapa halmashauri notisi ya siku 90 ya kusudio la kuwashtaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali. Wamelipa bili ya hospitali. Picha za siku ileile ziliwabana. Fidia ya maumivu na biashara yake ya vitumbua wamegoma. Wakili anaandaa kesi Mahakama Kuu.