Naombeni ushauri: hivi ni kweli mtu wa haki ndiye mwenye furaha? Pete ya Gyges inaninyima usingizi

Mtunzastoo
Wakuu habari za jioni, uzi ni mrefu naombeni mnivumilie.

Mimi ni mtunza stoo kwenye kampuni ya ujenzi, huu mwaka wa nne. Mwezi uliopita msimamizi wangu kaanza kuniletea karatasi nisaini kwamba saruji imeingia mifuko 200 wakati nimehesabu mwenyewe ni 140. Ya kwanza nilisaini, sitawaficha. Ya pili iko mezani, anaitaka Jumatatu. Wenzangu wananiambia mbuzi hula urefu wa kamba yake, na kweli wao wameshapaua, mimi bado nimepanga chumba kimoja na mke na mtoto.

Sasa kuna jamaa alinipa Jamhuri, kitabu cha Plato yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ya Kiingereza, nakomaa nayo na kamusi pembeni, nimefika kitabu cha pili pale Glaucon, mmoja wa wanaojadiliana humo, anaposimulia ya mchungaji wa mfalme wa Lydia, ndiyo hiyo pete ya Gyges. Mvua kubwa na tetemeko, ardhi ikapasuka, jamaa akashuka shimoni akakuta farasi wa shaba ana uwazi ndani, humo mna maiti imevaa pete ya dhahabu, akaivua akaondoka nayo. Akageuza kito kuelekea kiganjani, haonekani. Hakuchukua muda, kaingia ikulu kalala na mke wa mfalme, mfalme akauawa, mchungaji akatawala. Glaucon anauliza, mpe pete hiyo mtu wa haki na mpe mwizi, utaona tofauti? Halafu anaongeza jambo zito zaidi: mchukue mwizi ambaye watu wote wanamsifu kwa uadilifu, na mwadilifu ambaye watu wote wanamwona mwizi mpaka anapigwa, anachomwa macho, anatundikwa. Nani kati yao ana furaha?

Wiki mbili sipati jibu. Ile karatasi ndiyo pete yangu maana hakuna atakayejua. Hao Wagiriki walijibuje, na mimi nifanyeje Jumatatu?

Kijiwe cha Kahawa
Saini watoto wale. Hao walikuwa na watumwa wa kuwafanyia kazi ndiyo maana walipata muda wa kukaa wanajadili haki.

Frateri wa Zamani
Mkuu Kijiwe, la watumwa Athens ni kweli. Ila Socrates mwenyewe, mwalimu wa Plato anayejibu hoja kwenye hicho kitabu, alikuwa mtoto wa mchonga mawe na mkunga, mahakamani alisema wazi kwamba ni maskini, na alikufa akaacha watoto watatu, wawili bado wadogo. Na Epictetus aliyefundisha falsafa karne kadhaa baadaye alikuwa mtumwa kabisa kabla ya kuachwa huru.

Mtunzastoo, nilisoma falsafa seminari kuu kabla sijatoka, na kisa chako nimekiona mara moja kwenye Utetezi wa Socrates, kitabu cha Plato kuhusu alivyojitetea mahakamani. Mwaka 404 kabla ya Kristo Athens ilishindwa vita na Sparta, ikawekewa watawala 30 waliotawala kwa kuua watu. Siku moja wakamwita Socrates na wengine wanne, wakawaagiza waende kisiwa cha Salamis wamlete mtu anaitwa Leon auawe. Sasa sikiliza Socrates anachosema kuhusu hilo: amri za namna hiyo walizitoa kwa watu wengi kwa sababu walitaka wengi wachafuke pamoja nao. Mkuu, bosi wako mifuko 60 anaweza kuiba bila wewe, anachokosa ni jina lako pale chini.

Wale wanne wakapanda kwenda Salamis wakamleta Leon. Socrates akaondoka zake nyumbani. Hakupiga kelele wala hakuhutubia, alirudi tu kwake, na anasema pengine angeuawa kwa hilo kama utawala ule usingeanguka haraka.

Jibu la Plato kwa Glaucon linakuja taratibu, ukikomaa utalikuta kitabu cha nne na zaidi kitabu cha tisa. Anasema piga picha ndani ya kila mtu mna mnyama wa vichwa vingi, mna simba, na mna mtu. Anayesema udhalimu unalipa anasema inalipa kumlisha yule mnyama mpaka anenepe na kumwacha mtu na njaa mpaka wanyama wamburute watakako. Kwa hiyo pete inakuficha kwa watu wote isipokuwa mmoja ambaye unalala naye kila siku, na hizo wiki mbili za kukosa usingizi ni yeye anaongea.

Mwanamvita
Ndugu yangu pole, nakuandikia kutoka Mombasa. Mimi naona shida nyingine iko kwenye neno tunalotafsiria. Wao wasema eudaimonia, sisi twasema furaha. Furaha ni ya harusi, kesho vyombo vikioshwa imekwisha. Eudaimonia ni maisha mazima ya mtu kuwa mazuri, na hapo Kiswahili kina neno heri, mtu wa heri. Ukiuliza hao waliopaua kama wana furaha, wanayo, mbona wacheka. Ukiuliza kama ni watu wa heri, swali lageuka kabisa.

Na "jitambue" ni hivyohivyo. Siku hizi ukiambiwa jitambue maana yake jua thamani yako, usikubali kuonewa. Maandishi ya hekalu la Apollo kule Delphi yalimwambia binadamu ajijue kuwa ni binadamu, si mungu, na pembeni yake yaliandikwa usizidishe chochote. Socrates akaligeuza likawa kazi ya kila siku, kujihoji wapi nadhani najua na kumbe sijui. Wewe umeanza kujihoji, usiache. (Kwenye vitabu vya Kiarabu hawa ni Aflatun na Aristu, na neno falsafa lenyewe limetoka Kigiriki likapita Kiarabu ndipo likatufikia.)

Mama Wawili
Mimi ni mhasibu, nimeona mengi. Mdogo wangu, mimi namwelewa zaidi Aristotle, mwanafunzi wa Plato, kuliko Plato mwenyewe. Yeye anasema wazi kwamba wanaodai mtu anayeteswa kwenye gurudumu ana heri ilmradi ni mwema wanaongea upuuzi, mtu anahitaji pia riziki, marafiki, afya. Kwa hiyo usijilaumu kuwaza kodi ya nyumba.

Lakini huyohuyo anasema tunakuwa wa haki kwa kutenda haki, kama mtu anavyokuwa mjenzi kwa kujenga, na akijenga vibaya anakuwa mjenzi mbaya. Karatasi ya kwanza ilikuuma mpaka ukaja kutuandikia hapa, sasa jiulize ya kumi itakuuma? Mimi naogopa hapo tu.

Jumatatu andika 140 ulizohesabu, saini, piga picha ubaki na kopi yako, mpe kwa heshima. Akitaka 200 asaini mwenyewe. Na anza leo kutafuta kazi kwingine kimyakimya, maana utaihitaji.

Kijiwe cha Kahawa
Hiyo ya kuandika namba ya kweli nakubali, sikuiwaza.

Mtunzastoo
Asanteni sana, hasa hilo la kuchafuka pamoja nao, nimelisoma kwa mke wangu kwa sauti. Na ile ya kwanza niliyokwisha kusaini je?

Frateri wa Zamani
Weka Jamhuri pembeni kwanza, anza na Utetezi, ni mfupi, halafu Crito, halafu ndiyo usome Gorgias, vyote ni vya Plato. Humo Polus, anayebishana na Socrates, anamtaja Archelaus wa Macedonia, kaua ndugu zake kapata ufalme, anataka Socrates akiri kwamba huyo ana furaha. Socrates anagoma, anasema aliyekosa na akakwepa adhabu yuko hali mbaya kuliko aliyeadhibiwa, ni kama mgonjwa anayemkimbia daktari kwa kuogopa kuchomwa. Usome mwenyewe kabla hujaamua, na umsikilize mkeo.

Mtunzastoo
Mrejesho wakuu. Jana Jumatatu nimeandika 140. Kaiangalia karatasi, kaichukua, hajaniambia neno mpaka leo jioni. Utetezi nimeumaliza, nimepita pale Socrates anaposema kura 30 tu zingehama angeachiwa. Ile ya kwanza bado sijaamua, ila usiku wa jana nililala.