Nimechoka na hiki kichaka cha "huwezi kulinganisha, ni aina tofauti"

Wakuu, leo nakuja na povu na sitaomba radhi.

Juzi niliandika jambo dogo tu. Nilisema anayetaka kuelewa Mad Max: Fury Road ya 2015 imefanya nini kwenye kufukuzana, aitazame sambamba na The General, filamu bubu ya Buster Keaton ya 1926. Sikusema ipi ni bora. Sikumgusa mtu. Hata chai haijapoa, jibu la kwanza: "Huwezi kulinganisha, ile komedi, hii ya mapigano." La pili hivyohivyo. La tatu likaja limevaa kanzu ya hekima: "Kila ndege huruka na ubawa wake, mkuu." Hilo ndilo lililopendwa kuliko yote. Mjadala ukafia hapo, watu wakatawanyika kama wametoka msibani.

Haya. Kila ndege huruka na ubawa wake, nakubali kwa mikono miwili. Lakini si wote wanaruka? Nikikaa chini nikaangalia juu, namwona mwewe ametanua bawa anaelea tu, na namwona kuku anapapatika mpaka juu ya ua kisha anadondoka upande wa pili. Hiyo methali imenikataza wapi kusema nilichokiona?

Yule wa kwanza nilimuuliza kama ameiona The General. Akajibu yeye hatazami filamu zisizo na sauti. Sasa ndugu yangu, umejuaje kwamba hazilinganishiki? Mtu akisema vitu viwili havifanani hata kidogo, maana yake amevishika vyote viwili akavipima. Wewe umeshika kimoja, kingine umesoma jina.

Kwa kuwa juzi sikupewa nafasi, leo nasema yote.

The General inahusu dereva wa treni. Majasusi wa upande wa pili wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani wanaiba injini yake, na mchumba wake yumo ndani. Anaifukuza kuelekea kaskazini peke yake. Katikati ya filamu anaipata, anageuza, na sasa yeye ndiye anayefukuzwa kurudi kusini kwenye reli ileile. Fury Road: mwanamke shujaa Furiosa anatoroka na wake wa mtawala katili Immortan Joe ndani ya lori kubwa, anakwenda kutafuta Mahali pa Kijani alikozaliwa, anakuta pameshakufa, anageuza, wanarudi njia ileile waliyokuja nayo huku adui yuko katikati. Kwenda na kurudi. Umbo moja kabisa, na kati yao kuna miaka 89. George Miller, mwongozaji wa Fury Road, mwenyewe hajawahi kuficha kwamba alisoma kwa wakongwe wa filamu bubu, Keaton akiwemo. Yaani mwenye filamu anakubali undugu, nyinyi mashabiki ndio mnaukana!

Na tatizo walilokuwa nalo ni moja. Kwenye kufukuzana, mtazamaji akipotea tu, akashindwa kujua nani yuko mbele, nani nyuma, na umbali ni kiasi gani, basi filamu imekwisha, limebaki vumbi na kelele. Keaton alilitatuaje? Aliiweka kamera mbali, akaacha mwili wake na treni nzima vionekane kwenye picha moja, bila kukatakata. Kuna mahali amekaa mbele kabisa ya injini inayotembea, amekumbatia gogo, na kuna gogo jingine limelala kwenye reli mbele yake. Analirusha la mkononi, linapiga ncha ya lile jingine, yote mawili yanaruka nje ya reli. Unacheka kwa sababu umeona kila kitu kwa jicho lako na hakuna mahali pa kudanganyia. Miller amekwenda njia ya kinyume. Anakata picha harakaharaka, lakini yeye na mpigapicha wake John Seale walihakikisha jambo la muhimu linakaa katikati ya fremu, ili mhariri Margaret Sixel akikata, jicho lako lisihangaike kutafuta. Sixel alichukua Oscar ya uhariri kwa kazi hiyo, na alistahili.

Njia mbili, tatizo moja. Hapo ndipo ulinganishaji unapoanza kuwa mtamu, na hapo ndipo nyinyi mnapozima taa.

Bado kuna korongo. Wakati wa kwenda, Furiosa anapita kwenye korongo jembamba, na wenyeji wa pale wanalipua mwamba kuziba njia nyuma yake. Wakati wa kurudi korongo ni lilelile, njia inazibwa tena, ila safari hii kinachoziba ni lori lenyewe, na kijana Nux analipindua akiwa ndani. Kitu kilekile kimerudi kikiwa na bei mpya. Keaton alishafanya hivyo mwaka 1926: vizuizi alivyotupiwa wakati wa kwenda ndivyo anavyowatupia wenzake wakati wa kurudi, mpaka anafika kwenye daraja analichoma moto, adui anajifanya jasiri anapeleka treni juu yake, linavunjika. Treni ya kweli, mtoni, kweli. Hakukuwa na kompyuta ya kuchora.

Mkinilazimisha hukumu natoa: kwa kumfanya mtazamaji ajue yuko wapi, Keaton anashinda. Kwa kufanya safari ya kurudi iume, Miller anashinda, kwa sababu kwa Keaton hata askari akifa inageuzwa kichekesho, upanga unachomoka kwenye mpini na kumpata mtu. Na shujaa wa Keaton yuko upande wa waliopigania utumwa, jambo ambalo filamu inalipita kama vile ni rangi ya koti tu. Hilo nalo ni la kusemwa, na ukomedi hauisafishi. Mnaona? Nimelinganisha, na hakuna aliyekufa.

Wengi wenu mnaosema haiwezekani, msimu wa tuzo ukifika mnakesha. Nyani haoni kundule. Mwaka 1992 waliokuwa wanagombea Oscar ya filamu bora walikuwa The Silence of the Lambs yenye muuaji anayekula watu, Beauty and the Beast ambayo ni katuni ya nyimbo, JFK ya siasa na njama, Bugsy ya jambazi, na The Prince of Tides ya maumivu ya familia. Mla watu dhidi ya katuni! Mla watu akashinda, akazoa tuzo zote tano kubwa: filamu, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike na hati. Filamu zilizowahi kuzoa hizo tano ni tatu tu. Ya kwanza, It Happened One Night ya 1934, ni vichekesho vya mapenzi. Ya pili, One Flew Over the Cuckoo's Nest ya 1975, ni ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Ya tatu ndiyo hiyo. Niambieni hizo tatu ni aina moja.

Lakini nawalaumu na hao wa tuzo, msidhani niko upande wao. Wao wanalinganisha kimyakimya, hawasemi kwa kigezo gani, na kigezo chao cha chinichini kila mtu anakijua: uzito wa sura. Kilio kinashinda kicheko, na woga unakaa nje ya mlango. Psycho, filamu ya kutisha ya Alfred Hitchcock ya 1960, haikupata hata nafasi ya kugombea filamu bora. Hitchcock aligombea tuzo ya mwongozaji mwaka huo akashindwa na Billy Wilder wa The Apartment, na mzee wa watu hakuwahi kushinda tuzo hiyo maishani. (The Apartment nzuri sana, sina ugomvi nayo, tena ni komedi, kwa hiyo mara moja moja wanajisahau.) Wa tuzo za Golden Globe wao walijiona wajanja, wakagawa mafungu mawili, drama huku, vichekesho na muziki kule. Matokeo yake The Martian, ya mtu aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mars akilima viazi asife njaa, ikachukua tuzo ya vichekesho. Get Out, filamu ya kutisha, nayo ikatupwa kwenye fungu hilohilo, na Jordan Peele aliyeitengeneza akajibu kwa kejeli kwamba ni filamu ya matukio ya kweli. Hizo ndizo aina mnazozilinda kama mipaka ya nchi. Zinabandikwa na wauzaji, kwa hesabu za wauzaji.

Na mipaka yenyewe inavuja. Seven Samurai ya Akira Kurosawa, 1954, ni ya mapanga. Miaka sita baadaye ikawa The Magnificent Seven, ya kikauboi, bastola na farasi, kijiji kilekile kinachokodi wapiganaji. Yojimbo ya 1961 ikafanyiwa hivyohivyo na Sergio Leone mwaka 1964 kwenye A Fistful of Dollars, ila yeye hakuomba ruhusa. Wenye Yojimbo wakamfuata kisheria na wakalipwa. Fikirini kidogo: ule mgogoro wote ulikuwa ni kulinganisha filamu ya samurai na filamu ya kauboi, hatua kwa hatua. Leone angekuwa na wakili wa aina yenu angesimama na kusema, "Mheshimiwa, huwezi kulinganisha, ni aina tofauti," na angechekwa mpaka nje ya ukumbi.

Nawageukia sasa wale wa upande mwingine, maana nao wananikera vilevile. Wale wa namba. Unaleta hoja, yeye analeta asilimia. "Hii ina 97, hiyo yako ina 91, funga mdomo." Ndugu, ile asilimia ya tovuti ya Rotten Tomatoes ni hesabu ya wahakiki wangapi wamesema inafaa, haisemi inafaa kiasi gani. Filamu ambayo kila mhakiki kaiona ya wastani mzuri inaweza kupata mia, na iliyowatikisa tisa ikamuudhi mmoja ikapata tisini. Mwaka 2021 uliibuliwa uhakiki mmoja wa 1941 ulioiponda Citizen Kane, inayosifiwa kama moja ya filamu bora kuliko zote, mia yake ikavunjika, na magazeti yakatangaza kwamba Paddington 2, ya dubu mdogo mwenye kofia nyekundu, imeipita. Naipenda Paddington 2. Haikuipita Citizen Kane kwa lolote, karatasi ya miaka 80 ilitolewa kabatini basi. Nyinyi nanyi hamlinganishi, mnasoma mizani iliyopimwa na wengine, wala hamjui kilichowekwa juu yake.

Kuna visivyolinganishika? Vipo. Usiniulize kama kicheko nilichocheka ni kikubwa kuliko woga nilioogopa, sina rula ya hivyo. Usiniulize kama mapenzi ya filamu hii ni mazito kuliko vita ya ile. Lakini niulize nani anajua kumsubirisha mtazamaji, nitakujibu usiku kucha, kwa sababu kazi hiyo kicheko na woga wanaifanya kwa mikono ileile. Hitchcock alieleza kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanapiga soga, bomu halijulikani, linalipuka, umeshtuka sekunde chache. Ukimwonyesha mtazamaji bomu kwanza, soga ileile inamtoa jasho. Sasa nenda kaangalie Modern Times ya Chaplin, 1936. Amefungwa kitambaa machoni, anateleza kwa viatu vya magurudumu ghorofani dukani usiku, na ukingo wa sakafu hauna kizuizi. Yeye hajui, sisi tunajua. Anafika ukingoni, anazunguka, anarudi, anafika tena. Bomu lilelile chini ya meza! Unacheka huku umeshika kiti. Halafu kaangalie Jaws ya 1975, ambako papa wa kutengeneza alikuwa anaharibika kila akiingia maji ya chumvi, ikabidi mwongozaji Steven Spielberg amfiche, na tukawa tunayaogopa maji matupu. Chaplin anaonyesha hatari yote, Spielberg anaificha. Ipi inamshika mtu zaidi, na kwa nini? Hilo ni swali la kukaa nalo jioni nzima, na linapatikana tu ukiwa umeweka komedi na filamu ya kutisha meza moja.

Kwa hiyo kwenye uzi huu sitaki kusikia "aina tofauti" peke yake. Kama unaona hazilinganishiki, taja ni kipi hasa, uigizaji, uhariri, sauti, mpangilio wa kisa, na useme kinakwama wapi. Na uwe umeziona zote mbili, hata hiyo isiyo na sauti. Ni saa moja na kitu tu.

Wewe wa "kila ndege huruka na ubawa wake", nimekusubiri tangu juzi. Acha ndege kwanza, nijibu kuhusu lile korongo.