Sakulenti zangu zinarefuka shingo na kuoza, niko Amu, nisaidieni

BintiMkomani
Asalaam aleikum wapenda maua. Naomba mnisaidie kabla sijaitupa mimea yote kwa hasira. Niko Amu mjini (Lamu), nyumba yetu ni ya zamani ya mawe, kuta nene, madirisha ya kuhesabu, mwangaza wote unaingilia kiwandani, yaani ule ua wa wazi wa ndani ya nyumba. Mama mdogo kaja kutoka Nairobi kaniletea echeveria, zile sakulenti (mimea ya majani manene yanayoweka maji) majani yake yamejipanga duara, rangi ya kijani kijivu hivi, zimepanda basi mpaka Mokowe kisha boti na zikafika salama kabisa. Nikaziweka kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kule ndani maana zinapendeza mashallah, ukipiga picha mtu hataamini ni kwetu. Sasa zimeanza kurefuka shingo, majani yanaachana, na ya chini yanageuka maji maji ukiyagusa tu yadondoka. Maji nazipa kidogo kila baada ya siku mbili tatu, ya bomba, na joto likizidi nazipulizia kwa chupa ya spreya. Udongo ni ule ule zilokuja nao. Jirani asema ni hasadi, kuna mtu kazitia jicho 😂 Je ni joto la huku, ni maji, ama ndo jicho kweli?

shamba_Ganda
Waaleikum salaam dada. Jirani muache, jicho halina makosa hapo 😄 Una shida mbili tofauti na watu wengi wanazichanganya. Kurefuka shingo ni giza. Kulainika majani ya chini ni maji. Na giza ndilo linafanya maji yawe sumu, kwa sababu mmea uliokaa gizani haunywi, udongo unabaki mbichi na mizizi inaoza.

Zidaka zilijengwa za kuwekea sahani za kichina na vyombo vya mapambo, si za mimea. Toka kiwandani ingia msana, ule ukumbi unaopakana na kiwanda, toka msana ingia ndani, kila hatua mwangaza unapungua kuliko jicho linavyokuambia, sisi macho yetu yanazoea ila jani halizoei. Echeveria inataka jua lenyewe masaa kadhaa kwa siku, si mwangaza wa kusomea gazeti. Zitoe hapo leo. Lakini usizipeleke moja kwa moja kwenye jua la saa sita, zitaungua na lile doa la kahawia halifutiki tena, anza na jua la asubuhi pembeni ya kiwanda wiki ya kwanza halafu usogeze polepole.

MamaZuu_Shela
Mie sikubaliani na hayo ya maji. Zangu nazipa maji kila asubuhi na zaishi vizuri tu, kubwa na nyekundu mipakani. Mmea ni kiumbe, hauwezi kukaa na kiu kwa joto hili.

shamba_Ganda
Mama samahani, zako zikae wapi?

MamaZuu_Shela
Juu darini, mkabala na upepo, kwenye vyungu vya udongo.

shamba_Ganda
Haya ndo hapo sasa. Chungu cha udongo kinatoa maji ubavuni, upepo wa Kusi unakausha, jua kutwa nzima, maji ya asubuhi jioni hayapo tena. Zako zingekuwa kwenye kopo la plastiki ndani ya zidaka kwa utaratibu huo huo zingeoza kabla Ijumaa haijafika. Kwa hiyo tusimpe dada ratiba ya siku, ratiba ya siku ndo inaua sakulenti nyingi kuliko kiu. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke mpaka chini ya chungu, kiache kidogo, kitoe. Kikitoka na udongo umegandia au kina ubaridi, usimwagie. Kikitoka kikavu kabisa, mwagia mpaka maji yatoke tunduni chini, kisha sahau. Sio vijiko vijiko kila siku, hiyo inalowesha juu tu.

MamaZuu_Shela
Haya nimekuelewa mwanangu, lakini masika mie hata sigusi ndoo, mvua yafanya kazi yote.

mimea_na_mwambao
Naomba niongeze kwa nini spreya haisaidii, maana ukielewa hii mambo mengi yanajipanga yenyewe. Mimea ya kawaida inafungua vitundu vya majani mchana ili ivute hewa ya kaboni, na hapo hapo inapoteza maji. Sakulenti nyingi zinafunga mchana zinafungua usiku, zinavuta hewa gizani, zinaihifadhi kama asidi, halafu mchana jua likija zinaitumia huku milango imefungwa. Ndo maana zinaishi sehemu kavu. Sasa ukizipulizia maji saa nane mchana jani halinywi chochote, maji yanakaa katikati ya duara pale penye kichomozo na ukungu unaanzia hapo hapo.

Na hii ndo sababu nyingine nitasema hata kama itawaudhi wauzaji. Echeveria nyingi asili yake milima ya Mexico, mchana jua kali usiku baridi. Nairobi zinafurahi kwa sababu usiku ni baridi. Amu na Malindi usiku mara nyingi ni nyuzi 24 na kuendelea, na hewa imejaa unyevu, hasa mwezi wa tano mvua zikiwa juu. Mmea haupati ule usiku wa kupumzika. Haimaanishi haiwezekani, Mama Zuu kaweza, ila unapigana na hali ya hewa kila siku. Wakati pwani yetu yenyewe ina mimea ya aina hii imejaa porini na sisi tunalipa nauli ya mimea ya milimani.

BintiMkomani
Subhanallah, kumbe. Basi nimezitoa zidakani, ziko pembeni ya kiwanda jua la asubuhi lafika. Ile iliyooza sana shina lake jeusi nifanyeje? Na udongo mpya nitoe wapi, nilikuwa nafikiria kuchukua mchanga wa ufuoni Shela nichanganye, mweupe mzuri.

shamba_Ganda
Mchanga wa ufuoni usiuguse, una chumvi. Na ule wa vilima vya Shela pia uacheni ulipo, ile milima ya mchanga ndiyo inachuja mvua na kuwawekea maji ya kunywa mji mzima chini yake, watu wamepiga kelele miaka kuhusu kuichimba.

Ile yenye shina jeusi: kata juu kwa kisu kisafi mpaka ufike penye kijani au weupe mzima, ukiona bado kuna weusi katikati kata tena. Kile kichwa kiache kivulini juu ya karatasi siku kadhaa mpaka kidonda kikauke kiwe kigumu, ndipo ukiweke juu ya udongo mkavu. Usikimwagie mpaka kianze kutoa mizizi. Majani mazima yaliyobaki yachomoe kwa kuyazungusha yatoke na kitako chake, yalaze juu ya udongo, mengine yatatoa vimizizi vya waridi baada ya wiki chache na kamtoto pembeni. Mengine yatakauka tu, ni kawaida.

Udongo wewe changanya nusu udongo wa kawaida uliochekechwa, nusu vitu vya kupitisha maji: kokoto ndogo, chenga za makaa, vigae vya chungu kilichovunjika ukivisaga saga. Tundu chini lazima, hata ukipanda kwenye kopo la Kasuku chukua msumari utoboe. Ile tabaka ya mawe chini bila tundu ni kujidanganya, maji yanakaa pale pale.

MamaZuu_Shela
Na makumbi ya nazi? Sisi tunatumia sana.

mimea_na_mwambao
Makumbi mazuri mama, lakini uliza yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa pwani kwenye matope ili yalainike ya kusokotea kamba yamejaa chumvi ya bahari, lazima yaloweke maji matamu na kumwagwa mara kadhaa. Na usitie mengi, yanashika maji muda mrefu, na hapa tunatafuta kinyume chake.

Chumvi tuiongelee kidogo maana ni adui wa kimya huku kwetu. Visima vingi vya mjini maji yana magadi. Ukimwagilia hayo kila mara, maji yanaruka chumvi inabaki, utaona ule weupe kwenye ukingo wa chungu na ncha za majani zinakauka. Kinga maji ya mvua masika uweke dumu au pipa lenye mfuniko. Walio na eisii (kiyoyozi), yale maji yanayodondoka nje ya ukuta hayana chumvi, kinga ndoo, hapa Malindi kuna hoteli zinamwagilia bustani nayo. Na mara moja moja mwagia mengi kupita kiasi yatoke chini yasafishe udongo.

AmiLangoni
Wanangu nawasoma tu kimya kimya. Jambo moja mmelisahau. Zile sahani mnazoweka chini ya vyungu zikae kavu. Maji yakisimama hapo mbu wa mchana anazaa. Walokuwepo Amu 2004 wanakumbuka chikungunya ilivyotulaza mji mzima, watu wakitembea wameinama viungo vyauma. Mwaga sahani. Na hayo mapipa ya mvua yafunike barabara.

BintiMkomani
Shukran ami, hilo nalichukua. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka bibi alivyokuwa akilia magoti.
Sasa mwenye kusema pwani ina mimea yake, itaje basi, maana zidaka zangu ziko tupu na roho yauma.

mimea_na_mwambao
Wa kwanza ZZ. Ule wenye majani mazito yanayong'aa, Nairobi unauzwa ghali kwenye maofisi. Asili yake misitu ya huku Afrika Mashariki, toka pwani ya Kenya kushuka mpaka Afrika Kusini. Wazungu waliuandika kitabuni tangu 1829 lakini haukuwa na soko mpaka Waholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi kama 1996 hivi, ndipo ukaturudia kwa bei ya mgeni. Maji yake mmea unayahifadhi chini, kwenye viazi vyake, na porini unaishi chini ya miti, kwa hiyo kivuli haukuogopi. Huu ndo wa msana wako. Zidakani kabisa bado ni giza, lakini unaweza kuwa na miwili ukaibadilisha, mmoja zidakani mmoja kiwandani.

Wa pili adenium, waridi la jangwani, huu ni wa darini kwa Mama Zuu, jua kali na chumvi ya upepo haviutishi. Ukitaka ule mguu mnene chini panda kwa mbegu, wa kijiti mara nyingi hautoi mguu mzuri. Ukipukutisha majani usiufikirie umekufa ukaanza kuumwagia, unapumzika. Wa tatu mshubiri, yaani aloe, huo kila mtu anao.

shamba_Ganda
Naunga mkono ila msiende msituni na jembe! Arabuko Sokoke ni msitu wa hifadhi, na aloe za porini zina ulinzi wake Kenya tangu 1986. Nasari (vitalu vya kuuza miche) za barabarani Malindi zinayo yote hii, na mmea uliokulia chunguni unashika haraka kuliko uliong'olewa.

AmiLangoni
Na sumu je? Amu kila baraza ina paka.

mimea_na_mwambao
Swali zuri ami. Utomvu wa adenium ni sumu ya moyo kabisa, sehemu nyingi Afrika walipakia mishale, ukikata matawi vaa glavu unawe mikono, na mbuzi na punda wasiufikie. ZZ si kali kiasi hicho, ina chembechembe zinazowasha mdomo na koo, paka akitafuna atatokwa na ute na kujuta. Ukiwa na mtoto anayetambaa weka juu.

BintiMkomani
Mtoto yupo na paka ni watatu, zidaka za juu basi 😅 @shamba_Ganda unaweza kunitumia ZZ kutoka Malindi? Nitalipa na nauli.

shamba_Ganda
Nakutumia in sha Allah, wa chungu mmoja na vijani vya kupanda. Nitautoa chunguni, nitapukuta udongo na kuviringa mizizi gazeti kavu, kwa hiyo ukifika usiushangae umelala, na usiumwagie siku hiyo. Uache kivulini siku kadhaa, ndio upande, ndio maji. Vile vijani utavichomeka kwenye udongo na utasubiri miezi, vinatengeneza kiazi chini kwanza kabla hujaona kitu juu, kwa hiyo usivifukue kila Jumapili kuangalia. Mtu wako akalipokee furushi Mokowe kwa basi la mchana, nitakutext namba ya gari. Usimuache kondakta aliweke furushi kwenye buti karibu na injini.

MamaZuu_Shela
Na mie nitumie mbegu za hiyo adenium, boti la Shela liko kila saa.