Butter tart: za bekari au za kuoka nyumbani?

MwaliWaUnga
Wadau wa Ontario, Kanada, tulinganishe kwa vipimo butter tart, zile tati ndogo za ganda la unga lenye ujazo wa siagi, sukari na yai: za bekari au za nyumbani? Mapishi ya kwanza yanayojulikana kuchapishwa yalitoka mji wa Barrie, humu Ontario, mwaka 1900, na ubishi haujaisha: ujazo utiririke au ushike? Zabibu ziwemo au zisiwemo?

KijikoKimoja
Nyumbani, dada, maana ujazo unauamua mwenyewe. Kwa tati 12, ganda: unga gramu 190, siagi baridi 60, mafuta magumu 60, chumvi kidogo, kiini cha yai 1, siki kijiko cha chai 1, maji ya barafu kidogokidogo mpaka unga ushikane. Liweke frijini nusu saa, sukuma, kata duara za sentimita 10.

Ujazo: sukari ya kahawia gramu 110, shira ya mahindi mililita 120, siagi laini 30, yai 1, vanila na siki kijiko cha chai kimojakimoja. Koroga kwa mwiko tu. Ukipiga kwa mashine unaingiza hewa, ujazo unaumuka, unafurika na kunasa kwenye bati. Jaza theluthi mbili, oka rafu ya chini ili kitako kiive. Ya kutiririka ni nyuzi 230 za Selsiasi kwa dakika 12. Ya kushika, 190 kwa dakika 20 hivi. Zikitoka tu, zungusha kisu pembeni, kwani sukari ikipoa ni gundi.

Kitako_Kwanza
Kwa ganda, bekari nzuri bado zinaongoza. Ipindue kabla ya kulipa: kitako kiwe cha rangi ya asali iliyoiva. Kikiwa cheupe na kinang'aa mafuta, hakikuiva, na kufika jioni kitakuwa kimelegea. Anayetaka kulinganisha nyingi kwa siku moja aende tamasha la butter tart la mji wa Midland, Ontario, mwezi Juni.

UmmuSalma
Waislamu tuulize kwanza, jamani. Bekari nyingi za kienyeji hutumia mafuta ya nguruwe kwenye ganda, na kwa macho huwezi kujua. Hapo nyumbani panashinda bila mjadala: weka mafuta magumu ya mimea, ganda litachambuka vilevile.

MwaliWaUnga
Ahsante sana, dada. Na shira ya mepo (utomvu wa mti wa maple uliochemshwa) badala ya ya mahindi?

KijikoKimoja
Harufu yake haina mfano, ila ina maji zaidi, hivyo ujazo unakuwa mwepesi na unachemka mpaka kumwagika. Ichemshe kwanza ipungue kama robo, ipoe, ndipo uchanganye. Siki usiiache, ndiyo inayokata utamu.

Pwani_Jikoni
Kwa tulio Mombasa na Dar: sukari yetu ya kahawia ni kavu, chembe kubwa, haiyeyuki kwa dakika 12. Isage kwanza.

Kitako_Kwanza
Zabibu ziloweke maji ya moto dakika 20, uzikaushe. Zikiingia kavu zinanyonya ujazo, na tati ya kutiririka inageuka ya kushika. Tati za jana pasha kwa oveni, nyuzi 150, dakika 6. Maikrowevu inalainisha ganda.