Naomba ushauri: kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege wa Manda

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mimi ni kijana wa miaka 24, mkazi wa Langoni, Lamu, nina cheti cha kidato cha nne na cheti cha tabia njema cha polisi, na riziki yangu kwa sasa ni kuvusha abiria kwa mashua kati ya Lamu na kisiwa cha Manda, ulipo uwanja wa ndege. Ndege ikitua huwa nimeshafunga kamba gatini Manda, nikiwatazama wapakiaji wanavyoshusha masanduku na kuyapanga juu ya mkokoteni, na kazi hiyo naitamani kwa dhati.

Nimepeleka barua za maombi mara tatu. Mlinzi wa lango huipokea bahasha, kisha kimya. Mtu mmoja aliniomba shilingi 15,000 "za kufungua njia", nami nikakataa, kwani kazi ya jasho hainunuliwi.

Naomba kuwauliza wenye uzoefu: je, wapakiaji huajiriwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, au na mashirika ya ndege na mawakala wao, ili nijue barua niielekeze wapi? Na je, nijilipie kwanza kozi fupi ya usalama wa uwanjani, au mwajiri humfunza mwenyewe anayemchukua?